Clovis Ragsdale Atafuta Baruti ya Kimya

Nguruwe mwitu wa kijiji cha Pilot Ridge waliijua Jumapili kuliko baadhi ya waumini. Siku za kazi usingewaona hata mkia. Walilala bondeni, kwenye vichaka vya mierezi, wakijifanya hawapo. Lakini Jumapili, kengele ya kanisa la Kibatisti ikishalia na wanaume wote wakishavua kofia na kuingia ndani, nguruwe nao walipanda taratibu kutoka kijitoni, mama mbele na wana nyuma, wakaingia kwenye viazi vitamu vya Ardith Ragsdale na kulima bila jembe. Wakishiba viazi waliruka uzio wakaingia makaburini, wakafukua nyasi kutafuta minyoo juu ya mababu za watu.

Shamba na makaburi vilipakana, na kanisa lilikuwa juu kidogo, hatua chache tu kutoka kibaraza cha nyumba ya akina Ragsdale. Mume wa Ardith, Clovis, alikuwa amestaafu kiwanda cha mbao. Alipenda kuonyesha mikono yake miwili na kusema kwamba msumeno haukumla hata kidole, jambo ambalo wenzake wengi pale hawakuweza kulisema. Msumeno ulikuwa umeridhika na masikio yake. Uliyala polepole, mwaka baada ya mwaka, na kilichosazwa na msumeno kilimalizwa na bunduki. Daktari alimshauri avae vifaa vya kusikilizia. Clovis akamjibu kwamba yeye husikia kila anachotaka kusikia.

“Hilo ni kweli tupu,” alisema Ardith, aliyekuwa ameketi kando. “Ndiyo maradhi yenyewe.”

Clovis hakulisikia.

Jumapili moja ya vuli Clovis alisingizia mgongo, akabaki nyumbani. Nguruwe walipokuja, akaegemeza bunduki yake ya kulungu kwenye nguzo ya kibaraza, kanisa likiwa nyuma yake na ukingo wa mlima mbele, akafyatua. Kanisani, mchungaji Tolliver alikuwa amefika pale ambapo parapanda ya mwisho italia. Ikalia. Mzee wa kanisa alijitupa chini ya benchi. Buford Sills, mtu mzima mwenye ndevu, alikimbia hadi mbele huku akilia, akakiri kwa sauti kuu kwamba yeye ndiye aliyesogeza uzio kwenye shamba la ndugu yake. Ndugu yake alikuwa benchi la tatu. Ilipogundulika kwamba ile haikuwa parapanda bali ni Clovis, maneno yalikuwa yameshatoka na hayarudi. Buford alishinda wiki nzima akieleza watu kwamba toba inayotolewa chini ya mlio wa bunduki haihesabiki.

Mchungaji alikwenda kibarazani kwa Clovis baada ya ibada.

“Nguruwe ulimpata, ndugu yangu?” alimpigia kelele sikioni.

“Alikimbia.”

“Basi hasara tupu, huku na huku.”

Wazee wa kanisa wakakaa, wakapitisha kwamba hakuna bunduki kulia Jumapili kabla ya baraka za mwisho. Clovis alihudhuria kikao hicho, na alipotoka akamwambia mkewe kwa furaha, “Wamekubali. Mradi isisikike.”

Hakuna aliyesema hivyo. Lakini Ardith alikuwa amechoka kusahihisha, akaendelea kumenya tufaha zake.

Kwa hiyo Clovis akaanza kutafuta kimya. Alijua, kama ajuavyo kila mwindaji wa kwetu, kwamba risasi ikienda kasi kuliko sauti hupasua hewa kama mjeledi, na hakuna chombo cha kuuzuia mjeledi huo. Lakini risasi nzito inayokwenda polepole, nyuma ya sauti yenyewe, hupita kama mtu aliyevua viatu. Kinachobaki ni mlio wa mdomo wa mtutu tu, na huo unafungiwa kizima sauti. Kibali cha kizima sauti kutoka serikalini kilichelewa sana, na ucheleweshaji huo ndio ulimpa Clovis majira mazima ya baridi ya kuumiza kichwa juu ya baruti.

Risasi za namna hiyo zilikuwepo dukani, zimefungwa vizuri kwenye makasha. Loyd Hatcher, mwenye duka la bunduki pale njia panda, alimwonyesha. Clovis aliziangalia kama alivyoangalia mkate wa dukani. Yeye tangu ujana alijaza maganda yake mwenyewe kwenye banda la nyuma: fataki mpya ya kuwashia kwenye kitako cha ganda, baruti ndani, kichwa cha risasi juu, na mkono wa mashine ya chuma kushuka na kupanda. Mtu anayenunua risasi tayari, alisema, atanunua na watoto.

“Basi baruti ipi?” aliuliza.

Lilikuwa kosa kuuliza. Nyuma ya duka la Loyd kulikuwa na jiko la kuni, na kando ya jiko kulikuwa na Junior Mabry, ambaye licha ya jina lake la utoto alikuwa babu wa wajukuu wengi, na aliyeamini kwamba Mungu alimpa kiti kile ili awasahihishe watu.

“Chukua ya polepole,” alisema Junior. “Baruti ya bunduki kubwa. Weka kidogo, itasukuma risasi kwa adabu.”

“Kidogo haiwaki,” alisema Loyd. “Ile ni gogo la mwaloni, Junior. Gogo moja na kijiti cha kiberiti, unapata nini? Moshi na matusi. Nusu itabaki mtutuni haijaungua. Clovis, sikiliza, chukua ya haraka, ya bastola. Hiyo ni nyasi kavu.”

“Nyasi kavu kijiko kimoja ndani ya pipa!” Junior alisogea kitini. “Inalala chini ya ganda kama mlevi. Akiinamisha bunduki, inakimbilia mbele. Akiinua, inarudi nyuma kwenye fataki. Kila risasi inaondoka na mwendo wake. Na nafasi iliyobaki ni kubwa mno. Akijisahau akajaza mara mbili, ganda linapokea tu, halisemi hapana. Tutamzika hapo hapo kwa nguruwe.”

“Nini?” aliuliza Clovis.

“TUTAKUZIKA!”

“Aa. Ahsante.”

Ilikuwepo na ya tatu, ambayo Loyd aliitaja kwa sauti ya chini kidogo kama mtu anayemtaja binamu asiye na sifa: baruti nyepesi, yenye vijani vilivyovimba kama pumba, ambayo kidogo chake kinajaza ganda. Haipendezi kwenye mashine, inaganda njiani, haimwagiki vizuri. Lakini inawaka, na haina pa kukimbilia.

“Pumba ni za kuku,” alisema Junior, na Clovis, ambaye katika mazungumzo yote yale alisikia neno hilo vizuri kuliko mengine, aliliacha kopo lake rafuni. Akaondoka na ile ya haraka na ile ya polepole. Loyd alimfuata hadi mlangoni.

“Na usishuke chini ya kipimo cha kitabu cha baruti, Clovis! Ukitafuta kimya kupita kiasi utapata balaa!”

“Nitamsalimia Ardith, bila shaka,” alisema Clovis, akapanda gari lake.

Kibali kilipokuja, na kizima sauti kikafungwa kwenye mtutu, ndipo Clovis alipokutana na tatizo ambalo hata Junior Mabry hakuliona. Alipiga risasi ya kwanza kwenye ukingo wa udongo nyuma ya banda. Hakusikia kitu. Akafurahi. Akapiga ya baruti nyingine. Hakusikia kitu. Kwa kuhakikisha alifungua kizima sauti akapiga bila hicho, na akasikia kitu kidogo sana, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Akakaa juu ya ndoo, bunduki mapajani. Alikuwa ametumia majira ya baridi akitengeneza kimya, naye ndiye mtu pekee wa Pilot Ridge asiyeweza kujua kama amekipata.

Akaenda jikoni.

“Mama,” alisema, maana ndivyo alivyomwita mkewe tangu binti yao azaliwe, “nahitaji masikio yako.”

Ardith alikausha mikono. Kwa miaka mingi walikuwa wamezungumza kwa vichwa tu: kichwa juu, kahawa, kichwa pembeni, mvua inakuja. Siyo kwamba walikosana. Kupiga kelele kunachosha, na mambo mengi ya ndoa hayastahili kupigiwa kelele.

“Yachukue,” alisema. “Wewe huyatumii yako.”

Akatoa kiti cha kamba hadi kwenye kibaraza cha nyuma, akaweka juu ya mapaja bakuli la bati lililojaa kunde za kubambua, akasubiri. Clovis akapiga ya polepole, kisha akapanda kibarazani na kumtegea mkewe sikio la kulia, lililo bora kidogo.

“Ilikuwaje?”

“Kama mtu aliyekaa kwenye kochi kuukuu.”

“Sauti kubwa au ndogo?”

“Mtu mnene. Kochi bovu.”

Akarudi, akapiga nyingine ya kopo lile lile.

“Hii?”

“Mtu yule yule, ila amekalia paka.”

Baruti ya polepole ikawa inafanya kila alichosema Loyd. Risasi moja iligonga juu ya karatasi ya shabaha, nyingine chini, na mtutuni zilibaki punje za manjano ambazo hazijaungua. Clovis hakukasirika. Jambo lililomshangaza ni kwamba alikuwa anataka kurudi kibarazani. Hakujua kwamba mkewe ana maneno ya namna ile. Wiki ile walikaa nje kila alasiri, yeye akipiga na mama akitoa hukumu: hii kitabu cha nyimbo kilichoanguka, hii mlango wa friji, hii ina mkia, sikia, inaondoka halafu inageuka kuaga. Clovis alicheka hadi akakohoa.

“Unasikia nini kingine?” alimwuliza siku moja, wamekaa tu, bunduki imelala kwenye meza.

Ardith alifikiri. “Bomba la bafuni linadondoka tangu Pasaka. Kuna bundi kwenye ghala. Buford Sills na ndugu yake wanagombana huko chini, na upepo ukivuma huku napata kila neno.” Akabambua kunde. “Na wewe unaguna ukivaa viatu.”

“Siguni.”

“Unaguna wimbo mzima.”

“Mbona hukuniambia juu ya bomba?”

“Nilikuambia, Clovis. Nilikuambia kila siku.”

Yeye akaangalia viganja vyake vyenye vidole kumi. Jioni hiyo alirekebisha bomba, na kwa kuwa hakusikia tofauti, alimwita mkewe aje kumthibitishia.

Wakahamia kwenye baruti ya haraka. Hii iliwaka safi, na mama akasema inafanana na mtu anayefunga sanduku la nguo. Nzuri, lakini Clovis alitaka nzuri zaidi. Akapunguza. Sanduku dogo. Akapunguza tena. Pochi. Mlio ulivyopungua ndivyo tamaa ilivyozidi, na kitabu cha vipimo kilibaki kimefunikwa kwenye rafu ya banda, chini ya mafuta ya bunduki. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wahenga nao walikuwa wanamwambia Clovis kutoka upande wa sikio bovu.

Alasiri moja jua lilikuwa kali. Clovis alikuwa amelala kifudifudi kwenye zulia kuukuu, akilenga ukingo. Alijaza risasi kadhaa za kipimo chake kipya, kidogo kuliko vyote. Akapiga ya kwanza: mama akainua kidole gumba. Akainamisha bunduki kidogo, kulenga shabaha ya chini, akavuta kifyatulio tena.

Ardith alisikia tiki. Baada ya tiki alisikia pumzi, kama mtoto anayepuliza mshumaa. Akasubiri kile alichokuwa amezoea kukisikia kila mara na ambacho hakuwahi kumtajia mumewe kwa kuwa hakumwuliza: kishindo kidogo cha risasi kuingia kwenye udongo. Hakikuja. Chiriku aliendelea kuimba kwenye mwerezi. Udongo ulikuwa kimya.

“Clovis, ngoja,” alisema.

Clovis alivuta komeo nyuma. Ganda tupu likaruka. Alikuwa anatabasamu, kwake yeye ile ilikuwa sawa na zote, hakuna sauti.

“Clovis! Haikutoka! CLOVIS!”

Akasukuma komeo mbele, risasi mpya ikaingia kwenye chumba cha mtutu. Akaweka shavu kwenye kitako.

Ardith hakukumbuka baadaye kwamba alisimama. Alichokumbuka ni bakuli la bati likiwa hewani, kunde zikiliacha nyuma na kusambaa kama kuku walioshtuliwa, na bakuli lenyewe likimgonga mumewe nyuma ya kichwa kwa mlio ambao hata yeye Clovis aliusikia.

“UNA WAZIMU?” Alijiinua, kofia imedondoka, kunde kolani. “Mwanamke, mimi nina bunduki mkononi!”

Ardith alikuwa ameshateremka ngazi. Alimkamata shavu kwa mkono wa kulia, akaligeuza sikio lake bora, akasema polepole, “Haikugonga udongo. Risasi haikutoka.”

“Ilitoka.”

“Haikutoka.”

Clovis alitaka kubishana, lakini mkewe hakuliachia shavu lake. Akatoa risasi chumbani. Akatoa komeo zima, akaangalia mtutu kwa nyuma, kuelekea mwanga wa jua. Mtutu safi huonyesha duara la mbingu. Aliona giza.

Akakaa chini kwenye kunde. Ardith akakaa naye. Wote wawili walijua, bila kuambizana, nini kinatokea risasi ya pili inapoikuta ya kwanza njiani na haina pa kupita: mtutu hupasuka kama ganda la njegere, na uso wa mpigaji uko karibu nao. Safari hii kimya kilikuwa kimekamilika kabisa, kama alivyokitaka.

“Utaokota kunde zangu,” alisema Ardith mwishowe.

“Zote,” alisema Clovis. Akaokota zote, kwa magoti, hadi jua likashuka.

Kesho yake Loyd aliisukuma ile risasi kwa ufito wa shaba na nyundo ya mbao, gonga baada ya gonga, mpaka ikaanguka kwenye kaunta. Junior Mabry aliichukua, akaigeuzageuza.

“Hongera,” alisema. “Umepiga risasi ya kimya kuliko zote duniani. Ile isiyotoka.”

Loyd hakucheka. Alikwenda rafuni, akaleta kopo la pumba na kitabu cha vipimo, akafungua ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari, akasubiri hadi Clovis asome kwa sauti. Kisha akamgeukia Ardith, ambaye hakuwahi kuingia duka lile tangu lifunguliwe.

“Mama Ardith, huyu akishuka chini ya mstari huu, mpige na sufuria.”

“Bakuli liliniharibikia,” alisema Ardith. “Nitatumia sufuria.”

Baruti ya pumba iliganda kwenye mashine kama ilivyotabiriwa, na Clovis akalazimika kupima kila ganda kwa kijiko na mizani, huku akilaani. Lakini ganda lilijaa, risasi zikafuatana kwenye karatasi karibu tundu kwa tundu, na mama alipoulizwa alisema ni mtu anayefunga Biblia baada ya kumaliza sura. Clovis aliuliza itakuwaje ikipunguzwa kidogo tu. Ardith aliangalia upande wa jikoni. Mjadala ukaisha.

Jumapili iliyofuata ruhusa ya wazee ilikuwa imepatikana kweli, safari hii Ardith akiwa ndiye msikilizaji wa kikao. Nguruwe wakapanda kutoka kijitoni kwa wakati wao. Clovis akafyatua. Kanisani walikuwa ubeti wa pili wa wimbo, na hakuna aliyekosa hata neno. Jike kubwa likaanguka kwenye viazi. Na hapo ikajulikana jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, si Loyd, si Junior, si kitabu: nguruwe wengine hawakukimbia. Waliinua vichwa, wakamtazama mwenzao aliyelala, wakaona amepata usingizi, wakaendelea kula. Mlio mkubwa ungewafukuza mwezi mzima. Kimya kiliwakaribisha mezani. Clovis alimaliza risasi zote alizokuwa nazo mfukoni, na waumini walipotoka wakiwa wamejaa amani, walikuta kundi zima la nyama kwenye viazi na katikati ya mawe ya makaburi, nguruwe mmoja ameegemea kaburi la bibi yake mchungaji. Mchungaji Tolliver alitazama, akavua koti, akauliza nani ana kisu kikali.

Habari ikaenea, lakini siyo ile Clovis aliyoitarajia. Watu hawakuzungumzia baruti yake. Walizungumzia masikio ya mkewe. Siku za Jumamosi Loyd alianza kumwita Ardith kwenye uwanja wa shabaha nyuma ya duka. Wanaume walikuja hata kutoka kaunti ya pili na makopo yao na vizima sauti vyao, wakapiga mmoja mmoja, kisha wakageuka na kusubiri kama watoto mbele ya mwalimu. “Sufuria,” alisema Ardith. “Kochi. Hiyo mrudishie aliyekuuzia.” Junior Mabry alijaribu mara moja kubisha, akaambiwa yake inalia kama yeye mwenyewe. Clovis ndiye aliyebeba kiti cha kamba kutoka kwenye gari na kukirudisha. Aliulizwa maswali machache, mengi juu ya kiti.

Mwishoni mwa majira ya joto, baada ya kusikiliza minong’ono ya bunduki za wanaume tangu asubuhi, Ardith alisimama, akajikung’uta sketi.

“Nami nataka kupiga,” alisema.

Wanaume wakashindana kumpa. Huyu bunduki yake fupi, yule kizima sauti chake kipya, Loyd mwenyewe risasi za pumba zilizopimwa kwa mkono. Ardith alizipita zote hadi kwenye gari lao, akatoa ile bunduki ya kulungu ya Clovis, iliyo uchi, bila kizima sauti, na risasi zake nzima zenye baruti tele.

“Mama, hiyo ina kelele,” alisema Clovis.

“Najua ina kelele. Nimeisikiliza miaka yote kutoka jikoni.”

Akavaa viziba masikio vya Loyd, akaweka kitako begani kama alivyoelekezwa, akafyatua. Ndege wote wa bonde wakaruka. Bati la paa la duka likatetemeka, mbwa wa Loyd akajificha chini ya gari, na upande wa pili wa barabara mtu akafungua dirisha kuuliza nani amekufa. Ardith aliyumba hatua moja nyuma, kofia imekaa upande, uso wote ukimwaka kwa furaha.

Clovis alikuwa amesimama pembeni yake, mdomo wazi.

“Hiyo hata mimi nimeisikia,” alisema.

Ardith hakuwa amemsikia. Alikuwa ameshanyoosha mkono kudai risasi nyingine.